Siku 64 za Abaya Moja: Mzigo Unachelewa Wapi?

Mwenye duka la abaya pale Kariakoo anapotuma oda ya mzigo wa Idi, hanunui nguo peke yake. Ananunua na utabiri wake mwenyewe. Zimebaki wiki tisa na ushei, na leo hii lazima aamue kama wateja wa mwaka huu watapenda rangi ya damu ya mzee au nyeusi tupu, mikono mipana au ya kubana, yenye shanga au isiyo na shanga. Fedha inatoka leo. Jibu la wateja litakuja baada ya miezi miwili, na hapo katikati dola itapanda au kushuka, mtindo mpya utaibuka Instagram, na jirani wa mlango wa pili naye atakuwa ameagiza rangi ile ile.

Mzigo ukidoda, tunasema hakujua kuchagua. Ukiisha siku tano kabla ya sikukuu, tunasema hakuwa na mtaji. Mimi naona tunalitafuta kosa mahali ambapo halipo. Hakuna mtu anayejua kwa uhakika wateja watataka nini siku 64 zijazo, hata awe na uzoefu wa miaka mingapi sokoni. Kinachowezekana ni kuzipunguza siku zenyewe, ili uamuzi ufanyike karibu zaidi na siku ya kuuza. Makisio ya wiki mbili hukosea kidogo. Makisio ya miezi miwili hukosea sana. Kwa hiyo anayetaka kuendana na mahitaji ya wateja aanze kuhangaikia muda wa mzigo kabla ya kuhangaikia ufundi wa kubashiri.

Siku zinakwenda wapi

Tuchukue hesabu ya mfano wa mtu anayeagiza kutoka Guangzhou, China. Siku 7 zinapita katika kuchagua sampuli, kukubaliana bei na kutuma malipo ya awali. Kiwanda kinaipokea oda lakini hakianzi kushona. Oda inakaa foleni siku 12. Kushona kwenyewe ni siku 3. Nguo zikiwa tayari zinapelekwa kwenye ghala la wakala wa usafirishaji, na kwa kuwa mzigo si wa kontena zima bali ni wa kuchangia na wengine, unasubiri siku 8 kontena lijae na meli ipatikane. Baharini siku 26. Bandarini na forodhani siku 6. Kuutoa bandarini, kugawa mizigo ya watu na kuufikisha dukani, siku 2. Jumla siku 64.

Lawama huangukia bahari, na ni kweli siku zake 26 hazipunguziki kirahisi: ama unachagua meli inayokuja moja kwa moja badala ya ile inayoshusha na kupakia tena Singapore au Colombo, ama unapanda ndege na kulipa kwa kilo. Lakini zitazame zile siku 38 nyingine. Siku ambazo kuna mtu anayeigusa nguo, anaikata, anaishona, anaikagua, anaipakia au anaiendesha barabarani, hazizidi 6. Siku 32 zilizobaki hakuna kinachofanyika. Kitambaa kiko rafuni kikingoja zamu ya mashine. Katoni ziko sakafuni zikingoja katoni za watu wengine. Ujumbe wa muuzaji unangoja jibu la mnunuzi, ambaye yuko safarini Mwanza na hajafungua WeChat.

Ndivyo ulivyo mnyororo wa ugavi karibu popote utakapoufuatilia kwa saa mkononi: sehemu kubwa ya muda ni ya kungoja zamu, na sehemu ndogo ndiyo ya kazi. Ndiyo sababu kumkemea fundi ashone haraka hakuleti kitu. Akimaliza kwa siku 2 badala ya 3, umeokoa siku 1 kati ya 64, tena kwa gharama ya mishono kuachia.

Kwa nini foleni haiishi

Watu wengi hudhani foleni inatokea pale tu kazi zinapozidi uwezo. Sivyo. Foleni huanza mapema zaidi, na hukua kwa namna ambayo akili ya kawaida haiitarajii. Chukua mhudumu mmoja, awe mashine, fundi au gati la bandari, ambaye oda zinamjia bila mpangilio na kila oda ina ukubwa wake. Akiwa na kazi nusu ya muda wake, oda inayofika itasubiri kwa wastani muda sawa na ule wa kuhudumia oda moja. Akibanwa kufikia asilimia 80, kusubiri kunakuwa mara 4 ya muda wa kuhudumia. Asilimia 90, mara 9. Asilimia 95, mara 19. Tazama hapo mwisho: kazi imeongezeka kwa pointi 5 tu, na kusubiri kumezidi mara mbili.

Kwa hiyo mwenye kiwanda anayejivunia kwamba mashine zake hazipumziki anakuambia, pasipo kukusudia, kwamba oda yako itakaa sana. Viwanda vya China hujaa hivyo wiki za kabla ya mwaka mpya wa Kichina, kwa sababu kila mnunuzi duniani anataka mzigo wake utoke kabla mafundi hawajaenda makwao na milango haijafungwa kwa wiki kadhaa. Oda iliyoingia mapema kidogo, kabla ya msongamano huo, inaweza kutoka kwa nusu ya muda bila kulipa hata senti ya ziada.

Kuna kanuni moja ndogo ambayo ningependa kila muagizaji awe nayo kichwani. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kihesabu kwamba, kwa wastani, idadi ya vitu vilivyo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia kwake ikizidishwa kwa muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Igeuze kidogo upate swali la kumuuliza muuzaji. Usimuulize, "Itakuwa tayari lini?" maana atakujibu unachopenda kusikia. Muulize ana oda ngapi mezani, na anamaliza ngapi kwa siku. Akiwa na 60 na anamaliza 5, oda yako ina siku 12 za foleni, hata kama amekuahidi 5.

Chanzo kingine cha foleni ni ukubwa wa oda zenyewe. Kiwanda kinakuambia hakishoni chini ya vipande 300 kwa rangi moja, na wewe 300 za rangi hiyo unaziuza kwa mwezi mzima, pengine zaidi ya mwezi. Kinafanya hivyo kwa sababu kubadilisha kutoka rangi moja kwenda nyingine, au mchoro mmoja wa nakshi kwenda mwingine, kunasimamisha mashine. Kusimama kukiwa kurefu, kiwanda kinataka oda kubwa ili gharama igawanyike. Oda zikiwa kubwa, kila anayefuata anangoja zaidi.

Toyota walilikabili tatizo hili kwenye mabati ya magari. Mwaka 1969, kwenye kiwanda chao, kubadilisha kalibu ya mashine ya kukandamiza yenye nguvu ya tani 1,000 kulichukua saa 4. Walikuwa wamesikia kwamba Volkswagen kule Ujerumani wanafanya kazi kama hiyo kwa saa 2. Shigeo Shingo, mhandisi aliyeitwa kusaidia, alizitenga kazi katika mafungu mawili: zile ambazo lazima mashine isimame, na zile zinazoweza kufanywa ikiwa bado inaendelea kupiga kazi. Kumbe watu walikuwa wakizima mashine kwanza, ndipo wanakwenda kutafuta kalibu, boliti na spana. Baada ya miezi 6 muda ulishuka hadi dakika 90, na miezi 3 iliyofuata wakafika dakika 3. Kilichonigusa katika habari hii ni kwamba hawakununua mashine mpya. Na matunda yake hayakuwa zile saa nne peke yake: kwa kuwa kubadilisha kumekuwa kwepesi, waliweza kupiga mabati machache ya kila aina kila siku, badala ya kupiga ya mwezi mzima ya aina moja na kuyarundika.

Kinachokaa stoo

Tuirudie abaya, sasa kwa hesabu ya fedha. Duka linauza 20 kwa siku kwa wastani. Siku nyingi mauzo yanacheza kati ya 12 na 28. Mzigo unachukua siku 64, na kwa sasa tuseme hauchelewi wala hauwahi. Ili duka lisiishiwe, mwenyewe anatakiwa kuagiza tena pale ambapo dukani na njiani kuna jumla ya abaya 1,280, yaani mauzo ya siku 64, pamoja na akiba ya tahadhari ya 106 hivi, inayomlinda dhidi ya siku za mauzo makubwa mara 19 kati ya 20. Jumla ni 1,386. Kama kila moja inamgharimu shilingi 30,000 mpaka kufika dukani, huo ni mzigo wa shilingi milioni 41.6.

Sasa muda ukishuka hadi siku 16, anahitaji 320 na akiba ya 53. Jumla 373, sawa na shilingi milioni 11.2. Tofauti ya milioni 30 ni mtaji uliokuwa umelala, ambao sasa unaweza kufungua duka la pili au kulipa ada za watoto. Utaona pia kwamba muda umepungua hadi robo lakini akiba imepungua hadi nusu tu. Akiba hufuata kipeuo cha pili cha muda, kwa kuwa siku mbaya na siku nzuri hufidiana kadiri zinavyokuwa nyingi. Anayekuahidi kwamba ukipunguza muda kwa nusu akiba nayo itapungua kwa nusu, hajaifanya hesabu.

Lakini mzigo gani wa kutoka nje unakuja siku ya 64 kila mara? Mara unakuja siku ya 54, mara ya 74. Tuuache wastani pale pale kwenye 64, tuongeze tu kuyumba kwa siku 10 huku na huku. Akiba inayohitajika inaruka kutoka 106 hadi 346. Mara tatu na zaidi, na mauzo hayajabadilika hata kidogo.

Mwenye duka anaweza kujitetea kwa njia mbili. Ya kwanza, alipe zaidi apate njia ya siku 32, lakini kuyumba kubaki siku 10 zile zile. Mzigo wa njiani utapungua kwa nusu, na hiyo ni nafuu kubwa ya mtaji. Ila akiba yake ya tahadhari itashuka kutoka 346 hadi 338. Abaya nane! Ya pili, abaki na siku 64 zake lakini apate wakala na njia inayoyumba kwa siku 3 tu. Akiba inashuka hadi 145. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kasi, tafuta uthabiti. Wakala anayesema siku 45 na kufikisha siku ya 45 anakufaa kuliko anayesema 30, leo akafikisha kwa 28 na kesho kwa 50. Bei zao za kusafirisha zikiwa sawa, hawa si watu wa kufikiria mara mbili.

Kanda yetu ina ushahidi wake wa jambo hili. Kabla ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanza kufanya kazi mwaka 2014, kontena la kutoka Mombasa hadi Kampala lilikuwa likichukua siku 18 hivi, na la Kigali siku 21. Baada ya mageuzi, la Kampala likafika kwa takriban siku 4 na la Kigali kwa siku 6. Umbali ulibaki ule ule na malori hayakugeuka ndege. Kilichobadilika ni kwamba ushuru ulianza kukadiriwa na kulipwa mzigo ukiwa bado bandarini badala ya kukaguliwa upya kila mpaka, vituo vya huduma kwa pamoja mipakani vikawaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na mizigo ikaanza kufuatiliwa kwa vifaa vya kielektroniki badala ya kusimamishwa njiani mara kwa mara. Zile siku 14 zilizopotea hazikuwa siku za safari. Zilikuwa siku za kungoja, kama zile za kupanga mstari Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Hofu ikishaingia

Muda mrefu una ubaya mwingine, usioonekana kwenye hesabu ya duka moja. Mwaka 1958 Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alionesha kwamba mabadiliko madogo ya mauzo dukani yanakua kila yanapopanda ngazi: muuza rejareja anaongeza oda kidogo, wa jumla anaongeza zaidi, kiwanda kinaongeza zaidi ya hapo. Procter & Gamble waliliona hili kwenye nepi zao za Pampers. Watoto wanakojoa kwa kiwango kile kile wiki hadi wiki, lakini oda zilizokuwa zikifika kiwandani zilipanda na kushuka vibaya sana.

Muda wa mzigo ndio unaolisha tatizo hili. Ukirefuka, kila mtu anaagiza zaidi ya anachohitaji, akijua akiishiwa atakaa bila bidhaa kwa miezi. Oda hizo za hofu zinajaza viwanda, viwanda vikijaa foleni inakua, muda unarefuka tena, na hofu inaongezeka. Mwaka 2021 dunia nzima ililiona hili kwa macho. Bandari zilijaa, bei ya kontena ikapaa, na maduka makubwa ya Marekani yakaagiza mapema na kwa wingi ili yasiishiwe. Mizigo ilipofika, wateja walikwisha geukia mambo mengine. Juni 2022 kampuni ya Target ilitangaza kwamba itashusha bei na kufuta baadhi ya oda kwa sababu maghala yamefurika. Hawa ni watu wenye kompyuta na wachambuzi wa kila aina. Hawakukosa akili ya kubashiri. Walibashiri kutoka mbali mno.

Dawa ya hili ni pande mbili: kufupisha muda, na kumwonesha muuzaji mauzo halisi badala ya oda. Kiwanda kikijua kwamba dukani zimetoka abaya 140 wiki hii, hakitahadaika na oda ya 500 iliyotumwa kwa woga. Hata ujumbe mmoja wa simu kila Jumamosi jioni unatosha kuanzia.

Damu isiyongoja

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauhusu biashara. Hospitali ya wilaya nchini Rwanda inahitaji damu, lakini haijui nani atafika usiku huu akivuja damu baada ya kujifungua, wala ni wa kundi gani. Makundi ni manne, kila moja chanya na hasi, kwa hiyo aina nane. Chembe nyekundu zinahifadhika wiki tano au sita. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku 5 tu. Kama damu inatoka mbali kwa gari, na barabara ni za milimani, hospitali inalazimika kuchagua kati ya mabaya mawili: ijaze jokofu kila aina na kutupa zinazopitwa na tarehe, au iweke chache na kuomba Mungu.

Oktoba 2016 Rwanda ilianza kupeleka damu kwa ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline kutoka kituo cha Muhanga. Hospitali inaagiza kwa simu, ndege inarushwa, kifurushi kinashushwa kwa mwavuli uwanjani, na ndege inarudi bila kutua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health, uliopitia safari karibu 13,000 za kati ya 2017 na 2019, ulionesha kwamba damu ilifika kwa wastani wa chini ya dakika 50, na kwamba damu iliyokuwa ikiharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 katika mwaka mmoja.

Tafakari kilichotokea hapo. Hakuna daktari aliyejifunza kutabiri ajali. Akiba ilikusanywa mahali pamoja, ambapo mahitaji ya hospitali nyingi yanafidiana, na muda wa kuifikisha ukawa mfupi kiasi kwamba hospitali haikuhitaji tena kujilimbikizia. Akiba ndogo, na mgonjwa anapata damu mapema zaidi. Katika vitabu vingi vya biashara mambo hayo mawili huelezwa kama yanayopingana, ukitaka moja upoteze jingine. Muda ukifupishwa, yanakwenda pamoja.

Si kila mzigo ukimbizwe

Mtu anayeagiza saruji, chumvi, mchele au shati jeupe la shule hana haja ya kulipia ndege. Mahitaji ya bidhaa hizo yanajulikana, hazipitwi na mtindo, na faida kwa kipande ni ndogo mno kubeba gharama ya haraka. Kwake yeye siku 64 zilizo thabiti ni sawa kabisa, na mkazo wake uwe kwenye bei. Haraka inalipa pale ambapo kukosea kunauma: mitindo, vitu vya msimu, simu na vifaa vyake, dawa, vyakula vinavyoharibika, vipuri ambavyo bila hivyo gari la mtu limesimama.

Na ndani ya bidhaa moja pia unaweza kugawanya. Ile sehemu ya mauzo ambayo haiyumbi, zile abaya nyeusi za kawaida zinazotoka mvua au jua, ije kwa meli. Ile inayotegemea upepo wa mtindo ije kidogo kwa ndege baada ya kuona wiki ya kwanza ya mauzo. Wafanyabiashara wazoefu wa Kariakoo wanafanya hivi tayari, na wanaosema ndege ni ghali waweke kwenye mzani bei ya kilo na hasara ya katoni iliyouzwa nusu bei baada ya Idi.

Kuna njia ya tatu, na kwangu ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi kwetu. Inditex, wenye maduka ya Zara, makao yao yako Arteixo, kaskazini magharibi mwa Hispania. Nguo zao za mtindo, sehemu kubwa, zinashonwa karibu: Hispania kwenyewe, Ureno, Moroko, Uturuki. Maduka yanapokea mzigo mpya mara mbili kwa wiki, na nguo mpya inaweza kutoka kwenye mchoro hadi dukani ndani ya wiki chache. Siri kubwa ni kwamba hawasubiri kila kitu kianze upya kila mara. Wanaweka akiba ya vitambaa, vingine havijatiwa rangi, na uamuzi wa rangi na mshono unafanywa mwishoni, baada ya kuona kinachouzika. Kushona karibu kunagharimu zaidi kwa kila nguo, lakini nguo chache zinaishia kwenye punguzo. Biashara ya mitindo ya haraka ina lawama zake, hasa za taka, na ni lawama za kweli. Mbinu yenyewe haimlazimu mtu kuzalisha ovyo.

Tafsiri yake pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ni jora. Kitambaa cheusi kizuri kije kwa meli, kwa siku zake 64, kwa sababu kujua jumla ya abaya zitakazouzwa ni rahisi kuliko kujua ni mshono gani. Jora halidodi kama abaya iliyokwisha katwa: linaweza kuwa abaya, baibui, sketi au sare. Kisha mikono, nakshi, shanga na vipimo viamuliwe wiki mbili kabla, na fundi wa hapa hapa. Wateja wenyewe watakuwa wameanza kuuliza, na mwenye duka atakuwa anashona alichoulizwa.

Kikwazo kinajulikana. Wiki mbili kabla ya Idi kila fundi wa Dar es Salaam amefika asilimia 95, na ile hesabu ya mara 19 ndiyo inayozaa "njoo kesho" tuliyoizoea. Fundi hadanganyi; kweli hajui oda yako itafikiwa lini. Anayetaka kuukwepa mstari huo inabidi anunue nafasi mapema kabla hajanunua nguo: miezi miwili kabla, akubaliane na mafundi wanne au watano, awalipe kianzio cha siku kumi za kazi, bila kuwaambia bado watashona nini. Fundi anapata uhakika wa kazi na fedha ya kununua uzi na kurekebisha cherehani wakati soko limelala. Mwenye duka anapata zamu ambayo tayari ni yake, hata mtaa mzima ukifurika. Makubaliano yaandikwe: tarehe, idadi ya vipande kwa siku, bei kwa mshono mwepesi na bei kwa mshono mzito, na kitakachotokea upande mmoja ukivunja ahadi. Kama mauzo yatakuwa mabaya, anachopoteza ni kianzio, wakati jora zake bado ziko nzima rafuni zikingoja ufunguzi wa harusi za baada ya mfungo.